Kamba Ikishafungwa Gatini

Sauti ilitangulia, nzito kidogo kwa sauti ya kike, ikitoka kwenye spika iliyofungwa juu ya paa la jengo la bandari: "Boti ya kutoka Ukerewe imewasili."

Rahim, fundi wa kuchomelea vyuma kule Nyakato, alikuwa amekuja na ovaroli lake la kazi kufuata mzigo wa machungwa wa mama yake. Aliyasahau machungwa. Aliifuata sauti mpaka kwenye dirisha la tiketi, akamkuta mwenyewe: mtandio wa zambarau, macho yasiyomwogopa mtu.

"Dada, boti imekaa pale muda wote huo. Ulikuwa unasubiri nini?"

"Kamba," alisema yule dada, Mwaija. "Mpaka ifungwe gatini. Kabla ya hapo imefika tu."

"Kwani kufika na kuwasili si mamoja?"

"Kwako. Ustaadhi wetu alitufundisha kuwa kuwasili ni neno la Kiarabu, na ndani ya mzizi wake kuna kuunga. Mawasiliano nayo yametoka humohumo. Sasa sogea, kaka fundi, unaziba foleni."

Wakapendana. Mwaka mzima Rahim alipanda vilima vya mawe vya Ilemela kwa pikipiki, akasimama nje ya geti la kina Mwaija na kupiga simu: "Nimefika, malkia wangu. Toka." Naye alitoka akinukia udi, wakaenda ufukweni kula sato wa kukaanga.

Jioni moja hakutoka.

"Nasikia pikipiki yako," alisema kwenye simu. "Ofisi inanihamishia Bukoba mwezi ujao. Kama hakuna wa kunizuia, naenda."

"Si mimi nipo hapa getini?"

"Upo getini tangu mwaka jana, mpenzi. Baba anaujua mlio wa pikipiki yako. Sura yako haijui."

"Usinifundishe adabu kwa simu, Mwaija."

"Basi usiku mwema."

Alirudi Nyakato amefura. Kila alipounga chuma na chuma hasira ilimrudia, na nyuma ya hasira akaiona hofu. Mposaji huulizwa ni mtoto wa nani. Yeye baba yake hamjui. Alilelewa Kisesa na mama peke yake, na wajomba walishawatenga. Angemtuma mshenga gani? Majivuno yake yote yalikuwa kifuniko cha swali hilo.

Ijumaa baada ya swala alivaa kanzu, akaiacha pikipiki chini ya kilima, akapanda kwa miguu.

"Hodi."

"Karibu," alijibu mzee Ally, baba yake Mwaija, akiwa kwenye cherehani. Mwaija aliganda mlangoni mwa jiko, sahani mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kanzu yako inasema umekuja kuposa. Mshenga yuko wapi?"

"Sina. Naitwa Rahim, mtoto wa Kija wa Kisesa. Baba simjui. Nampenda Mwaija, na niliogopa kuja kukwambia hayo."

Mzee akaondoa vitambaa kwenye kiti. "Kwetu mtu hajiposei mwenyewe, kijana. Mama yako ana miguu?"

"Anayo."

"Kwa hiyo?"

Rahim hakukaa. Alimtazama Mwaija, kisha mzee.

"Jumapili nitamleta mama. Tutaingia kwa mlango huu, mchana, majirani wakiona. Na akimaliza kusema yeye, nitasema mimi."