Nilichagua Kontrol Boksi ya Kufunguliwa na Festo Tu

Nina miaka thelathini na nane, sina mtoto, naishi peke yangu Njombe mjini. Nawatafutia wanunuzi wakulima wa parachichi wa Lupembe, na gari ninalozungukia lina turbo. Wasomaji wenzangu, anayetaka kucheka acheke sasa hivi, mbele huko sitaki kelele!

Mume wangu Festo ni fundi umeme wa magari. Kontrol boksi ya gari langu ilipokufa, yaani ile kompyuta inayopima mafuta na upepo wa turbo, alinipa nichague kati ya mbili. Moja, fundi yeyote mwenye laptopu angeweza kuifungua na kuirekebisha. Nyingine ilifungwa kwa namba ya siri. "Hii, mama, hakuna mkono mwingine utakaoigusa zaidi ya wangu," akaniambia.

Jamani... mwanamke gani asingeyeyuka? Nilisikia mapenzi. Nikachagua ya kufungwa.

Haukupita muda akahamia Makambako, eti gereji ya barabara kuu ina wateja. Nikamfulia nguo, nikamfungia na kiroba cha viazi. Kumbe kule kulikuwa na mama mwenye duka la spea! Aliyeniambia ni wifi yangu, dada yake mwenyewe, nje ya kanisa baada ya ibada. Watu wanapita wakinisalimu, "Kamwene, kamwene," na mimi naitikia.

Nyumba ikawa kubwa ghafla. Nikawa napika ugali wa watu wawili, namwaga nusu. Jioni naibishia redio.

Halafu asubuhi moja, baridi ile ya Juni, gari likagoma. Lilipokubali, taa ya injini ikabaki inawaka. Nani angeigusa? Nikaenda Makambako. Festo akachomeka laptopu, akanigeuzia mgongo, akaandika namba yake, akaongeza kidogo kipimo cha mafuta ya injini. "Tayari, dada," akasema.

Dada! Mimi! Lakini aliniuliza kama nimekula... na njia nzima ya kurudi nililia kwa furaha. Aibu iliyoje!

Tangu hapo nikawa naisubiri ile taa. Ndiyo, nasema kweli! Ikiwaka najipaka mafuta, navaa kitenge kizuri, naenda. Fundi mmoja wa hapa mjini alinionya kwamba turbo ikivuta, injini inakosa mafuta na inaweza kuungua, kwa hiyo niing'oe ile boksi anifungie ya wazi. Nilimjia juu mbele ya wateja wake, nikamwambia aache wivu. Mtu mzima hovyo mimi!

Mara ya mwisho taa iliwaka nikitoka Lupembe. Badala ya kusimama, nikafurahi. Nikaipita njia ya nyumbani, nikakanyaga mafuta kuelekea Makambako. Kwenye mlima injini ikapiga kelele, moshi ukajaa, gari likazima. Pistoni ilikuwa imetoboka. Mvua nayo haikunihurumia.

Nikampigia. Nilijua atakuja tu! Nyuma yake nilisikia mwanamke akicheka. Akasema hana nafasi, nitafute fundi wa karibu, namba ya kufungulia ananitumia.

Meseji ikaingia: moja, mbili, tatu, nne.

Niliitazama mpaka macho yakauma. Hata mtoto wa chekechea angeijaribu! Mimi sikuwahi kuijaribu, maana sikutaka ifunguke. Ingefunguka, ningekwenda kwake kwa sababu gani?

Dada zangu, kaka zangu, nawasihi. Kabla hujafunga kontrol boksi, jiulize: nikibaki peke yangu, nitaweza kuifungua? Fundi akikuficha namba, tafuta mwingine, hata kama ni mumeo. Hasa kama ni mumeo! Usifanye kama mimi, ukaua injini nzima kwa sababu ya kuulizwa kama umekula.

Sasa nimefunga injini nyingine, na boksi ya wazi. Yule fundi niliyemtukana ndiye aliyeifunga, wala hakunisema. Gari linakwenda vizuri mno... Nikifika nyumbani, hakuna mtu wa kumwambia.