Chini ya Vigae vya Gaudensi

Rafiki yetu Gaudensi ndiye aliyeweka vigae kwenye jengo jipya la maduka katikati ya Sumbawanga, pale ilipovunjwa nyumba ya marehemu Bibi Kalista, aliyekuwa akitusagia ulezi kwa mawe. Mchana mmoja wa mvua alirudi kuchukua pimamaji aliyoisahau ndani. Umeme ulikuwa umekatika, na ukumbi wa chini hauna dirisha hata moja. Akawa anapapasa ukuta gizani.

Ndipo akasikia jiwe likisaga juu ya jiwe, polepole, chini ya miguu yake.

"Nani yuko huko?" aliuliza.

Kusaga kukakoma. Sauti ya kikongwe ikamjibu kwa Kifipa, kwa upole, kwamba anatafuta mlango.

Gaudensi alipiga magoti, akapapasa kigae kimoja baada ya kingine. Alivipanga mwenyewe, chini yake palikuwa na zege tupu.

"Shikamoo, bibi," alisema huku machozi yakimtoka. "Sina pa kukufungulia."

Kusaga kukaanza tena.

Umeme uliporudi, alitazama viganja vyake. Vilikuwa vimetapakaa unga mwekundu wa ulezi, na unga huo bado ulikuwa na joto la kusagwa.