Kurasa Tatu za Msiba

“Kunguru kwa Mwamba. Land Cruiser imepita Gihosha. Watu watano, bunduki tano. Wanaelekea Gasenyi.”

Candide, aliyeitwa Mwamba hewani, alishusha redio ya Motorola.

Gasenyi ndiko alikofichwa Libère, shahidi aliyeona silaha za magendo zikishushwa bandarini. Libère, mdogo wake wa tumbo moja.

Barabara ya kutoka mjini ilifungwa, risasi zililia tangu alfajiri. Libère hakuwa na simu.

Candide akaibana bastola ya Browning shingoni mwa Honoré, fundi Mkongomani wa duka la intaneti katikati ya mji.

“Maficho yale tunayajua watu wawili, mimi na mkuu wangu. Nani amesema?”

“Hakuna mutu, mukubwa. Mashine imesoma.”

“Imesoma nini?”

“Intaneti. Binamu yenu wa Brussels alitoa shukrani za harusi, akataja kila mutu: ‘Asante Libère, mutoto wa Mama Geneviève wa Buterere.’ Parokia ya Gasenyi ikaandika imepata mwalimu wa kwaya, Libère, katoka Buterere. Mashine ikaunganisha. Mi niliifundisha kusoma ili itafute ndugu za wakimbizi. Wale wageni wa magendo ya bunduki wakaichukua.”

“Izime.”

“Apana. Iko Ulaya. Hata ukifuta kurasa, ilishazikariri.”

Candide aliwahi kung’oa mlango wa chuma kwa bega lake. Hapa hapakuwa na mlango.

“Na ikisoma uongo?”

“Uongo wa ukurasa mumoja inaukataa. Wa kurasa tatu inaamini. Kama sisi watu. Na wale, mbele ya kupiga risasi, wanaiuliza tena.”

“Nipe kurasa tatu.”

Honoré ndiye aliyezitunza tovuti tatu: ya parokia, ya Warundi wa ughaibuni, ya matangazo ya vifo. Candide akaandika. Vidole vilikataa jina lile.

Akavilazimisha.

*Libère hatunaye tena. Msiba uko kwa mama yake, Buterere.*

Modemu ikakoroma. Dakika nne. Saba.

Redio ikanasa mawimbi yao. Sauti ya adui:

“Geuzeni! Mashine inasema huyo ni marehemu!”

Mita mia mbili kutoka chumba cha kwaya, Land Cruiser ikageuka.

Kisha sauti ya mkuu wa Candide: “Mwamba, asijue mtu. Akiandikwa yu hai, itasoma.”

“Hata mama?”

“Hasa mama.”

Saa tisa alasiri, Buterere, mabenchi ya msiba yalikwisha kupangwa. Mama Geneviève alikaa mkekani, macho makavu.

“Candide. Maiti iko wapi?”

Candide akainama kunyoosha pindo la mkeka.

“Nani alimuona na macho yake? We ulimuona?”

Candide alikwisha kuwadanganya makanali bila kupepesa macho. Huyu hakuweza kumtazama.

“Nilisoma, mama.”

“Ulisoma!” Mama alimkazia macho kitambo kirefu. Halafu akaangua kilio, na mtaa mzima ukamfuata.

Candide akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akashika njia ya mashamba ya mpunga, hatua kwa hatua, bila kugeuka. Kiunoni redio ikanong’ona:

“Mwamba, kazi safi.”

Akaizima. Ndiyo mashine pekee aliyoweza kuizima siku ile.