Hawara wa Chiku

Adhana ya magharibi ilikuwa ikisikika kutoka mtaa wa Mayfair, Vuai alipowafikisha wageni wake kwenye nyumba ya mwisho, pale Fordsburg. Kazi yake ni kuwatembeza Waswahili wanaokuja Johannesburg kununua bidhaa, akiwaonyesha mahali watu walipouawa zamani. Mzanzibari huyu maneno anayo. Haya ndiyo hana.

"Hapa alichinjwa Chiku, fundi cherehani," alisema. "Mumewe alimfumania na hawara!"

Uongo mtupu. Chiku hakuwa na hawara. Mumewe alikuwa katili tu. Ila wageni walipenda kicheko, basi Vuai akambandika marehemu hawara.

Kizingitini alilala mke wa Vuai, Fauzia, amefungwa sanda gubigubi kama Chiku, akingoja kuitwa ainuke kwa ukelele. Mchana kutwa Fauzia alikuwa akimsihi. "Mume wangu, mtu hai havishwi sanda. Huko ni kujitakia." Vuai alimcheka. Leo alikuwapo Thierry, Mrundi mwenye kampuni ya utalii kule Midrand, amekuja kumwangalia kama anafaa kupewa mkataba.

"Amka, Chiku!"

Sanda haikutikisika.

Ikaja harufu ya karafuu maiti.

Sanda ikainuka taratibu, bila ukelele. Uso ulikuwa wa Fauzia. Macho hayakuwa yake.

Na nyuma ya mlango, uliopigwa kufuli miaka na miaka, kucha zikakwaruza mbao.

"Vuai... nifungulie. Huku giza."

Sauti ya Fauzia!

Wageni wakashangilia. Thierry akainua simu kurekodi. "Eish, kaka, hii kali!"

Yule wa sanda akamnong'oneza Vuai sikioni. "Waambie kweli, nitamrudisha mkeo. Nilikuwa na hawara?"

Vuai aligeukia mlango. Akisema hapana, mkewe anatoka. Lakini akisema hapana, wageni watajua amewadanganya. Akamtazama Thierry anavyotabasamu. Akajiambia mlango atauvunja baadaye, watu wakishaondoka.

"Alikuwa naye!" alisema kwa sauti, na kucheka akacheka.

Mikwaruzo ikakoma.

"Sharp, safi kabisa," alisema Thierry. "Kesho njoo utie saini."

Walipoondoka, Vuai alivunja kufuli kwa jiwe, akilia, akimwita mkewe. Chumba kilikuwa kitupu. Upande wa ndani wa mlango, kwenye mbao, zilikuwa zimenasa kucha mbili zenye hina mbichi, ile ya Fauzia.

Mkono wa baridi ukamshika kiganja.

"Umetangaza mbele za watu kwamba nina hawara," alisema yule mwanamke. "Basi ni wewe. Twende nyumbani."