Josho Si la Naleli

Hapa kwetu milimani Lesotho hakuna asiyemjua mzee wetu, Ntate Motsamai. Anawatambua kondoo wake kwa sauti tu. Akila papa, ugali wetu, tonge la kwanza ni la Naleli, mbwa wake. Mimi jirani yake namheshimu mno kwa hilo, maana wengine mbwa wao huwapa mateke tu.

Mwaka huu Naleli alianza kujikuna. Manyoya yakamnyonyoka masikioni na tumboni. Usiku alijikuna, mchana akasinzia. Mbweha wakaingia zizini wakachukua wanakondoo. Na sasa kundi lilikuwa karibu kupandishwa malisho ya juu. Huko, bila mbwa mzima, hurudi nusu ya kundi.

Siku ya kuogesha kondoo, Ntate alimbeba Naleli hadi joshoni.

"Kondoo wanapona upele hapa," alimwambia. "Na wewe leo utapona."

"Simama hapo hapo, Ntate!" Mama Limpho, mtaalamu wetu wa mifugo, alikuja mbio. "Unataka kumuua?"

"Nimuue mimi? Kwani dawa inachagua?"

"Inachagua! Mbwa hujiramba mwili mzima. Sumu hiyo yote ataimeza. Tena ngozi yake ina vidonda, itapenya upesi."

Watu wakaangua kicheko. "Kumbe na wewe hujui, Ntate!"

Mzee mwingine angenuna. Yeye alisema tu, "Sikujua. Nifundishe, mwanangu."

Nyumbani, Mama Limpho alimkagua Naleli. "Ni utitiri," alisema. Akampima uzito, akampa dawa ya mbwa inayomfaa. Kisha wakabandika maji.

"Yajaribu kwa kiwiko, Ntate. Yawe vuguvugu."

Ntate akaleta sabuni ya unga.

"Hiyo kafulie suruali! Itamkausha ngozi. Shika hii shampuu ya mbwa. Anza shingoni kwenda nyuma. Uso mpanguse kwa kitambaa, maji yasiingie masikioni wala machoni."

"Povu limekwisha?"

"Bado. Suuza tena. Likibaki, litamwasha."

"Nimwogeshe kila siku?"

"Hapana! Utamwondolea mafuta ya ngozi. Akichafuka tu, au nikikuambia. Sasa mkaushe upesi, baridi yetu unaijua."

Ntate alivua blanketi lake begani, akamfunika Naleli.

"Ntate! Si lile unalovaa harusini?"

"Harusini kuna anayenilindia kondoo?"

Mama Limpho akacheka. "Haya, ukimaliza lifue kwa maji ya moto. Na mikono uoshe kwa sabuni, maana upele huu huwapata na watu."

Manyoya yaliota upya, meusi na laini. Naleli alipanda mlimani na kundi. Waliporudi, Ntate aliwahesabu kondoo mara mbili, akatoa machozi mbele yetu bila haya. Hakupungua hata mmoja.

Siku ya josho iliyofuata, mtu alikuja akimburuta mbwa wake kwa kamba. Ntate Motsamai akaketi katikati ya mlango wa josho.

"Kondoo, piteni," alisema. Kisha akamwinamia yule mbwa. "Wewe twende kwangu. Maji yako yako motoni."