Mama Mildred na Mfuko Mmoja wa Dawa

Mama Mildred alikuwa na nyumba mbili jijini Nairobi, na zote si zake. Majuma mawili alikaa Kibera, kwenye ghorofa za Soweto East, kwa binti yake Mitchelle. Kisha alihamia Gatina, Kawangware, kwa binti mkubwa, Amondi. Mabinti hao walimpenda mama yao kwa kushindana. Naye mama aliwaacha washindane, maana nani asiyependa kubembelezwa?

Mitchelle ndiye aliyempeleka hospitalini damu ilipoganda mguuni. Huko alipewa warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande. Kila jioni Mitchelle alimpa kidonge baada ya ugali na osuga, mboga chungu ya kwao ziwani.

Kule Gatina, Muchiri, mume wa Amondi, alipenda viazi na nyama. Mboga za majani zilionekana kwa nadra. Amondi alidhani dawa za hospitali zilikwisha zamani. Alipomwona mama akishika goti kwenye ngazi, alimnunulia diclofenac, dawa ya maumivu.

"Wewe ndiye unanijali," mama alimwambia.

Mitchelle naye alikuwa ameambiwa maneno hayo hayo. Basi mama hakumtajia yeyote alichopewa na mwenzake. Alimeza dawa zote mbili kimya kimya, asimvunje mtu moyo.

Asubuhi moja akiwa Gatina, fizi zilimtoka damu alipopiga mswaki. Damu ilikataa kukoma. Mikononi alikuwa na alama nyeusi, na hakuna aliyemgonga. Amondi aliogopa sana. Akampigia dada yake simu.

"Kwani ulimpatia nini huko kwako?"

"Mimi? Alitoka hapa akiwa poa! Mpeleke kliniki saa hii, nakuja."

Kliniki ilikuwa karibu. Wangoi, mfamasia wa hapo, aliwapokea.

"Mama anameza dawa gani?" akauliza.

"Ya goti," alijibu Amondi.

"Ya damu," alisema Mitchelle, aliyeingia akihema.

Dada wawili wakatazamana. Mama akatazama sakafu.

"Mama, hebu toa zote," Wangoi alimwambia kwa upole.

Mama Mildred akafungua mkoba, akaziweka mezani.

"Warfarin inazuia damu kuganda," Wangoi alieleza. "Hii ya goti nayo inaweza kuumiza tumbo. Ukizimeza pamoja, unaweza kutoka damu nyingi, hata ndani ya mwili msikoona. Na mboga je, mnakula?"

"Kwangu ni kila siku," Mitchelle alisema. "Kwa Amondi ni viazi tu."

"Wacha wewe! Na nyama!"

Wangoi akacheka. "Hakuna chakula kibaya hapo. Lakini mboga za majani hupunguza nguvu ya warfarin. Akila nyingi kwa mmoja na kidogo kwa mwingine, nguvu ya dawa inazidi au inapungua. Ale kiasi kimoja kote kote. Na msiongeze dawa yoyote, hata ya mitishamba, kabla ya kutuuliza."

Daktari wa kliniki alimpima damu, akasimamisha dawa ya goti, akarekebisha kipimo cha warfarin. Alimweleza pia njia salama ya kutuliza maumivu. Baada ya muda fizi zilitulia. Mabinti walimshukuru Mungu, na kwa kweli walikuwa na sababu.

Siku hizi dawa zote ziko kwenye mfuko mmoja, unaosafiri na mama. Osuga inapikwa Gatina pia. Muchiri huila akikunja uso, lakini humaliza.

Juzi walirudi wote watatu kupima damu. Majibu yalikuwa mazuri.

"Sasa Mama, nani anakutunza?" Wangoi aliuliza.

Mama Mildred akawashika mabinti mikono.

"Hawa wote wawili. Amondi, asante. Mitchelle, asante. Na wewe Wangoi, asante kwa kuniuliza."

Mabinti waliikaza mikono ya mama, machozi yakiwalengalenga. Hawakuwa wamewahi kushukuriwa na mama yao wakiwa pamoja, kila mmoja akisikia.