Kumi na Mbili kwa Chaki

Mtaa mzima wa spea ulicheka asubuhi ile, na kilichowachekesha kilikuwa kimeandikwa kwa chaki nyeupe juu ya kifuniko cha injini: MILIONI 12, NA GIABOKSI YAKE.

Aliyeandika alikuwa amekaa pembeni juu ya kreti la soda, mikono ya ovaroli la buluu ameikunja, kitambaa cha njano kichwani, anawatazama wacheshi wale mmoja mmoja kama mtu anayekagua nati. Walimwita Kimya, maana hakuwa msemaji mpaka amalize kuangalia. Kaka yake alikuwa dereva wa mashindano. Gari lilipopinduka na goti la kaka likaisha kazi, bodi ilienda kwa wanunua vyuma chakavu, lakini injini na giaboksi vilitoka vizima. Kaka akamwambia dada yake, ambaye tangu aache shule ya msingi alikuwa akilala chini ya magari yake kuyatengeneza bila mshahara, "Chukua. Ndiyo haki yako hiyo. Uza, ufungue kibanda chako."

Kibanda chenyewe kilikuwa pale kona, kimefungwa kufuli. Mwenye nacho alishasema atakayemwahi na kodi ya mwaka kabla mwezi haujaisha ndiye atakayepewa funguo. Kimya hakuwa peke yake aliyekitolea macho.

"Tano," alisema Bosi Mizani, tajiri wa duka la jirani, shati linang'aa, tumbo limetangulia. Kwake yeye kila injini ilikuwa kilo za chuma tu. "Na hiyo tano ni kwa huruma, binti. Bei za mtaa huu tunapanga sisi."

"Na mimi nimepanga yangu."

"Utakaa nayo mpaka iote majani."

"Iote tu, Bosi. Si iko kwangu?"

Watu wakacheka tena, ila safari hii hawakujua wanamcheka nani.

Kabla kicheko hakijatulia, lori la kuvuta magari mabovu likajipenyeza kati ya mikokoteni na kusimama. Akashuka kijana mrefu, fulana nyeupe, kofia nyekundu imegeuzwa kisogoni, ananukia sabuni. Dereva huyo siku za kazi alivuta magari ya watu. Siku za mashindano aliendesha lake, ambalo sasa lilikuwa limebaki na bodi bila moyo. Akaisoma chaki, akamtazama mwenye chaki.

"Dada, hii kumi na mbili ni bei au ni namba ya nyumba?"

"Ukitaka nyumba, zipo mtaa wa pili."

Akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Haya, niwashie nisikie."

Injini ilikuwa imefungwa kwenye fremu ya chuma juu ya matairi mawili. Kimya akaunga betri, akamimina mafuta, akageuza ufunguo. Silinda sita zikaamka kwa mkoromo mmoja mzito, turbo mbili zikapiga mluzi mwembamba juu yake, na mtaa wote ukageuza shingo. Hata muuza maji aliacha kunadi.

Dereva akainama, akapapasa, akanusa moshi, akauzungusha mhimili wa giaboksi kwa mkono. Kimya hakusubiri aulizwe. "Gia ya pili inakwaruza ikiwa baridi. Ikipata joto inanyamaza."

"Muuzaji gani anataja ugonjwa wa bidhaa yake?"

"Anayejua kwamba ameshautoa kwenye bei."

"Nane."

"Kumi na mbili."

"Nane na soda mbili."

"Soda nitakunywa. Bei ni kumi na mbili."

Aliondoka bila injini, lakini namba ya simu aliipata. "Ya injini," alisema. "Nitapenda kujua inaendeleaje."

Jioni ile ile simu ikaita.

"Haloo, injini imeshindaje?"

"Imeshinda salama. Imekuulizia."

"Imesemaje?"

"Imesema yule wa nane asirudi peke yake, aje na wenzake wanne."

Ikawa ndiyo desturi yao. Kila jioni Dereva alipanda kidogo, kila jioni Kimya alikataa kwa sauti iliyozidi kulainika. Walikunywa zile soda, tena zaidi ya mbili. Siku Kimya alipokuja na gauni la zambarau badala ya ovaroli, Dereva alisahau alichotaka kusema, akaishia kusema, "Tisa," na Kimya akacheka hadi akashika meza. Wakawa wanaitana mpenzi, kwanza kwa utani, kisha utani ukatoka, neno likabaki.

"Tisa na nusu, mpenzi," Dereva alisema jioni moja mwezi ukikaribia kuisha. "Hapo nimetoa na figo."

"Figo kaa nayo, utaihitaji. Kumi na moja na nusu. Lala salama."

Kesho yake, saa ambazo mtaa umefurika, Dereva alishuka na bahasha nene. Hakugusa injini. Hakuinama. Aliiweka tu bahasha mapajani mwa Kimya.

"Kumi na mbili kamili. Sitaki tubishane tena, mpenzi. Nimekubali yote."

Watu wakapiga miluzi. Bosi Mizani akaegemea mlango wa duka lake, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kona, "Si nilisema? Injini ni tano! Saba hizo ni za binti!"

Kicheko kikapasuka. Kimya akasimama, uso mkavu.

"Jana ulikuwa tisa na nusu," alimwambia Dereva. "Imepata nini usiku, imezaa?"

"Nimesikia kuhusu kibanda. Muda unakwisha. Na nakupenda, basi."

"Hilo niambie jioni. Sasa hivi tunauza injini." Akamrudishia bahasha. "Nilitaka mnunuzi, wewe umeniletea sadaka."

"Nimelipa bei uliyoandika mwenyewe!"

"Umelipa bila kubisha. Mtu asiyebisha hajaiangalia bidhaa, ameniangalia mimi. Nikipokea hii, nitafungua kibanda, na kila nikipanga bei watatafuta imepandia wapi kwenye mwili wangu. Nenda."

Dereva alijua kukata kona kali, lakini hiyo ilimshinda. Akapanda lori, akaondoka na bahasha yake.

Nyumbani kaka alimpokea kwa fimbo yake ya kutembelea ikiwa hewani. "Una wazimu? Pesa imekuja kwa miguu yake, unaifukuza?"

"Nani alimwambia habari za kibanda?"

Fimbo ikashuka. "Mimi. Nilidhani nasaidia."

"Umemfanya anionee huruma, kaka."

"Huruma ni dhambi?"

"Huruma apewe mgonjwa. Mimi nina bidhaa."

Kaka akamsogezea sahani ya chakula. Simu iliita, ikaita tena. Ya tatu Kimya akapokea.

"Niambie nimekosa wapi," alisema Dereva.

"Hukuniheshimu."

"Kwa kulipa?"

"Kwa kutobisha."

Akakata. Usiku huo alilala macho wazi, maana kuwa na haki hakumzuii mtu kumkumbuka mtu.

Siku ya mwisho ya mwezi Bosi Mizani alikuja mapema. "Sita. Chukua tumalizane. Jioni hii nachukua na kibanda, nitakiweka matairi."

Kimya akafuta chaki kwa kiganja, akaandika upya, taratibu. MILIONI 13.

"Wewe! Kulikoni imepanda?"

"Kumi na mbili ni injini na giaboksi. Hiyo moja ni ya mdomo wako."

Muuza maji aliangusha ndoo kwa kucheka.

Kivuli cha jua kilipoanza kuhama ndipo lori likarudi. Dereva hakuwa na fulana nyeupe wala harufu ya sabuni. Alikuwa na ovaroli lililochakaa, tochi mdomoni, kipimo cha kompresheni ya silinda shingoni. Hakusalimia. Alilala chali chini ya giaboksi, akakaa huko mpaka watu wakakusanyika. Alipotoka alikuwa na grisi shavuni na hasira ya mnunuzi.

"Nimezunguka mitaa yote ya spea hapa mjini. Yenye hali hii ni nane. Turbo ya nyuma imelegea, inacheza. Klachi imebaki kama karatasi. Gia ya pili umesema mwenyewe. Halafu unaandika kumi na tatu? Dada, unaota?"

Mtaa ukashikwa na butwaa. Kimya alisikia moyo wake ukiwaka kwa ufunguo mmoja, lakini uso haukusogea.

"Hizo za nane umezisikia zikiwashwa?"

"Mbili tu."

"Zina giaboksi zake, na waya zake, na kompyuta yake?"

"Moja ina giaboksi ya gari jingine."

"Kanunue hiyo uzioanishe. Zikigombana usinipigie simu. Pima silinda, zote sita ziko sawa. Ile moja ya mdomo wa Bosi nakutolea. Kumi na mbili."

"Tisa na nusu."

"Kumi na moja na nusu, tulishafika hapo siku ile."

"Siku ile sikuwa nimeiona klachi! Kumi."

"Klachi nimeshaikata kwenye bei, na turbo pia. Kumi na moja."

"Kumi na nusu, na ninaibeba mwenyewe."

"Kumi na laki nane, na mnyororo wa kuinulia nakupa mimi."

Dereva akavuta pumzi, akaitazama injini tena kwa muda mrefu, kama mtu anayeumia. Akatoa mkono. "Kumi na laki nane. Umenikamua."

"Na wewe umenikamua."

Hakuna aliyepiga mluzi. Mzee mmoja muuza radiata akaitikia kwa kichwa na kusema, "Hiyo ndiyo bei yake," na vijana waliozoea kumuuzia Bosi Mizani kwa tano wakageuka kumtazama. Bosi akakumbuka ana kazi ndani.

Pesa zilipohesabiwa, Kimya alikwenda kona na kodi, akarudi na funguo. Dereva alikuwa anafunga mnyororo wa mwisho, injini inaning'inia juu ya lori.

"Sasa," akasema bila kugeuka, "na mwenye injini?"

"Huyo hauzwi."

"Najua. Sinunui, naomba. Naomba tuoane."

"Kibanda nitakaa nacho."

"Kaa nacho."

"Sifungi siku yoyote."

"Sawa, mpenzi, usifunge."

Kimya akafumbata funguo, akamkazia macho, akasubiri.

Dereva akaganda, mnyororo mkononi. Kisha akajipiga kipaji cha uso na kuacha alama ya grisi. "Ngoja. Jumapili unafunga. Siku nzima."

"Nusu siku."

"Siku nzima, na chakula cha mchana napika mimi."

"Unajua kupika?"

"Hiyo ni gia yangu ya pili. Inakwaruza ikiwa baridi."

Kimya akacheka, akakunja mikono, akavuta kreti lake la soda na kukaa.

"Endelea," alisema. "Hapo tunaongea."